Kuunda zana porini: maana yake hasa ni nini?

Mtu aliyepoteza kisu porini huanza kutafuta kisu. Anageuza jiwe moja baada ya jingine akitaka lenye umbo la kisu, na asipoliona anakata tamaa. Kumbe kuunda zana kwa vitu vya porini si kuiga kifaa cha dukani kwa miti na mawe. Ni kujiuliza kifaa kile kilikuwa kinafanya kazi gani, kisha kutafuta karibu nawe kitu chenye sifa ya kuifanya kazi hiyo. Kisu hukata kwa sababu kina makali. Basi kinachotafutwa ni makali, nayo yanaweza kuwa kwenye kibanzi cha jiwe kisichozidi kidole gumba, kwenye kombe la baharini lililovunjika, au kwenye ukingo wa mwanzi uliopasuliwa.

Ndiyo maana wanaoujua ufundi huu huanza na vitenzi: kukata, kufunga, kuchimba, kugonga, kubeba. Jina la kifaa huja baadaye, na mara nyingine haliji kabisa.

Ujuzi wenyewe una umri mkubwa kuliko sisi. Huko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, yamepatikana mawe yaliyobanduliwa makusudi yapata miaka milioni 3.3 iliyopita. Anayegonga jiwe kwa jiwe leo anafuata kanuni ileile. Jiwe zuri lina chembe laini sana, kama gumegume au kioo cha volkano, na likigongwa hulia wazi. Lenye ufa ndani hutoa mlio uliokufa. Usilipige katikati. Tafuta ukingo ambapo nyuso mbili zinakutana kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 90, upige karibu na ukingo huo, na kibanzi kitachomoka upande wa chini kikiwa na mawimbi kama ya ndani ya kombe. Makali yake mapya hupasua ngozi kabla hujahisi maumivu, na vipande vidogo huruka, kwa hiyo kinga macho na uelekeze mapigo mbali na mwili. Jiwe la mchanga halifai kwa kazi hii, lakini usilitupe: ndilo la kunolea.

Wengi hupenda zaidi habari za makali. Mimi naamini kamba ina thamani kubwa zaidi. Bila kamba, jiwe linabaki jiwe na mti unabaki mti. Kamba ndiyo inayoviunganisha vikawa kitu cha tatu. Mtazame Ötzi, yule mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Shoka lake la shaba lilishikiliwa kwenye mpini wa mti kwa lami ya mti na mikanda ya ngozi. Ala ya kisu chake cha gumegume ilisukwa kwa nyuzi za gome la ndani la mti. Ukiondoa vifungo hivyo, nusu ya mzigo wake unasambaratika.

Kamba husokotwa hivi. Chukua fungu la nyuzi za gome la ndani, au za majani marefu kama ya mkonge, na ulijaribu kwanza kwa kufunga fundo: likikatika, tafuta jingine. Likunje, lakini si katikati kabisa, ili mkia mmoja uwe mrefu kuliko mwingine na viungio visije kukutana mahali pamoja. Shika kwenye kunjo kwa vidole viwili. Sokota mkia wa juu kuelekea mbali nawe mpaka ukaze, kisha uvushe juu ya mwenzake kuja upande wako. Sasa ule uliokuwa chini umekuwa juu; ufanyie vilevile. Mkia ukikaribia kuisha, ongeza nyuzi mpya kabla haujawa mwembamba.

Siri iko kwenye zile pande mbili zinazopingana. Kila mkia unataka kujisokotoa, na katika kujisokotoa huko unamkaza mwenzake. Kamba yangu ya kwanza niliisokota na kuivusha upande uleule. Nilipoiachia ilifumuka yote kiganjani. Ya pili, baada ya kuelekezwa, niliivuta kwa mikono miwili haikuachia, na furaha ile ninayo mpaka leo.

Kiswahili nacho kimeuhifadhi ujuzi huu katika maneno ambayo hatuyatumii sana siku hizi. Kijiti cha kuchimbia kinaitwa muo. Kijiti kigumu cha kupekechea moto ni ulindi, na ubao laini unaopekechwa ni uwimbombo. Ncha ya muo inaweza kukazwa kwa kuigeuzageuza juu ya makaa, ila moto huifanya iwe ngumu na pia rahisi kuvunjika, hivyo ikianza kubadilika rangi inatosha.

Kitu ambacho dhana hii haimaanishi ni kwenda porini mikono mitupu kwa kujiamini. Kuunda shoka la jiwe lenye mpini kunaweza kula siku nzima, na siku hiyo huenda ulihitaji maji na kivuli kuliko shoka. Fundi mzuri huanza na kitu kilivyo: tawi lenye panda linakuwa kulabu bila kuchongwa, na jiwe linalojaa kiganjani tayari ni nyundo. Asipotosheka hurekebisha kidogo. Kuunda upya ni hatua ya mwisho.

Na kila malighafi ina hatari yake ya kujulikana mapema. Mti unaotoa utomvu mweupe usioujua usiufanye kijiko wala mshikaki, kwa kuwa baadhi ya utomvu huo huunguza ngozi na macho. Mawe yaliyolala mtoni usiyapange kuzunguka moto, maana maji yaliyonasa ndani hugeuka mvuke na kuyapasua kwa kishindo. Pingili ya mwanzi ni chungu kizuri cha kuchemshia maji, mradi uwe umeitoboa juu; ikiwa imezibwa pande zote mbili, nayo hulipuka.