Bili ya kushonwa jeraha haihesabu mishono

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu: eti Marekani kila mshono una msimbo wake wa malipo, kwa hiyo mgonjwa aombe mishono michache. Si kweli. Tafadhali usiusambaze, maana jeraha lililoshonwa kwa kubana matumizi huweza kufumuka.

Misimbo ya CPT, yaani namba zinazotumika Marekani kutoza huduma za matibabu, kwa kushona jeraha huangalia mambo matatu: urefu kwa sentimita, sehemu ya mwili na ugumu wa kazi. Ushonaji wa kawaida wa mkono au mguu usiozidi sm 2.5 ni 12001. Kuanzia sm 2.6 hadi 7.5 ni 12002. Ukiwa na majeraha mawili ya aina hiyo, la sm 2 mkononi na la sm 3 mguuni, urefu hujumlishwa: sm 5, msimbo mmoja tu, 12002. La usoni halijumlishwi humo, kwani uso uko kundi jingine. Iwe mishono minne au tisa, msimbo haubadiliki.

Wengi huchanganyikiwa kwa sababu daktari humtajia mgonjwa idadi ya mishono, kisha bili inakuja na mistari kadhaa: ya hospitali, ya daktari, pengine na ya chanjo ya pepopunda.

Ukiwa na shaka, omba bili yenye mchanganuo pamoja na maelezo ya daktari ya ushonaji. Linganisha sentimita zilizoandikwa na msimbo. Misimbo hii huhuishwa kila Januari 1, basi tumia orodha ya mwaka uliotibiwa.