Jina lako kazini halishikwi na bosi peke yake
Wengi wetu tunaofanya kazi za hoteli hapa Unguja tunaamini ukimridhisha meneja basi jina lako kazini lipo salama, wenzio wa jikoni na wa vyumbani hawana la kukuharibia. Sivyo. Mahoteli ya Nungwi na Paje mengine hufunga masika, mwezi wa 4 na wa 5, watu wanatawanyika, na yule uliyemfokea mbele ya wageni kwa trei moja tu ya glasi ndo unamkuta supavaiza kwengine unakoomba kazi, anaulizwa "huyu unamjua?" na jibu lake lina uzito maana kafanya kazi na wewe bega kwa bega. Hesabu kazi zako mwenyewe, ngapi ulizipata kwa tangazo na ngapi kwa kutajwa na mtu, halafu muulize aliyekuajiri alimpigia nani simu kwanza.