The Clock: usiogope saa 24 zake

Kazi ya video ya msanii Christian Marclay iitwayo The Clock ina urefu wa saa 24, na urefu huo huwakatisha tamaa wengi kabla hawajafika mlangoni mwa jumba la makumbusho inapoonyeshwa. Inasikitisha, maana mengi yanayowatisha si kweli.

Wanasema ukichelewa mwanzo umeikosa. Haina mwanzo wala mwisho. Marclay alikusanya maelfu ya vipande vya filamu na vipindi vya televisheni ambamo saa inaonekana au inatajwa, akavipanga vilingane na saa halisi ya mahali ulipo. Ukiingia saa nane na robo mchana, saa iliyo ukutani kwenye filamu nayo ni saa nane na robo.

Eti lazima ukeshe. Ukumbini kuna masofa. Kaa utakavyo, toka utakapo. Sehemu ya usiku huonekana pale tu jumba la makumbusho linapofunguliwa usiku kucha, kama Tate Modern ya London ilivyofanya mara chache mwaka 2018. Kama una saa moja tu, nakushauri uingie saa tano na nusu asubuhi. Kadiri saa sita inavyokaribia, watu kwenye skrini wanazidi kuhangaika, macho yote yako kwenye mishale ya saa, mpaka kengele zinaanza kulia filamu baada ya filamu. Moyo unaenda mbio ingawa unajua fika kitakachotokea.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba hivyo ni vipande vilivyobandikwa tu. Kazi hii ilichukua takriban miaka mitatu, wasaidizi wakipekua filamu moja baada ya nyingine. Mtu anafungua mlango katika filamu isiyo ya rangi, anayeingia anatoka filamu nyingine kabisa. Simu inalia huku, inapokelewa kule, na muziki unavuka mipaka yote hiyo bila kukatika. Ndiyo maana ilimpatia Marclay tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale kule Venice, Italia, mwaka 2011.

Usitegemee kuitazama mtandaoni. Ilitolewa kwa nakala sita. Moja ilinunuliwa kwa pamoja na Tate, Centre Pompidou ya Paris na Israel Museum ya Jerusalem.

Na tiketi ya makumbusho haikuhakikishii kiti. Walio ndani hawapangiwi muda, kwa hiyo foleni husogea mmoja wao anapoamua kutoka. Nenda siku ya kazi, mapema.