Gari ya spoti kwa barabara za Unguja na Pemba: nunua wepesi, usinunue sifa

Unguja yote, kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, ina urefu wa takriban kilomita 85. Katika urefu huo kuna matuta, skuli, ng'ombe wanaovuka njia na daladala zinazosimama bila taarifa. Ukishaingia kwenye makaazi, mwisho wako ni kilomita 50 kwa saa. Gari ya nguvu farasi 280 haina pahala pa kuzitumia hapa. Raha ya kuendesha ipo baina ya kilomita 30 na 80 kwa saa: usukani unaojibu mara tu ukiugusa, gia inayoingia bila kusukumwa, na bodi nyepesi inayotulia kwenye kona. Pemba hali hiyo inaonekana zaidi, kwa vile vilima na kona za Mkoani, Chake Chake na Wete zinamfurahisha dereva wa gari ndogo kuliko wa gari kubwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, gawa nguvu farasi kwa uzito. Toyota Altezza AS200 ina nguvu farasi 160 na uzito wa kilo 1,340 hivi, yaani kama 119 kwa kila tani. Suzuki Swift Sport ya alama ZC31S (2005 hadi 2010) ina 125 tu, lakini uzito wake ni kilo 1,060 hivi: inafika 118 kwa tani. Ziko sawa, na Swift inakula petroli kidogo, tairi ndogo na breki ndogo. Toyota Vitz RS ya NCP91, yenye nguvu farasi 110 hivi, inakaribia 106. Tofauti hiyo ya mwisho hutaihisi ukiwa nyuma ya usukani kwenye barabara ya Chwaka, ila utaihisi sana siku ya kutafuta spea.

Vitz RS ndiyo ninayomshauri mtu mwenye bajeti ya kawaida, na sababu yangu ni injini. 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,500 ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye IST, Probox, Raum, Ractis na Corolla nyingi zinazotembea hapa. Plagi, filta, mauntini za injini, sensa na hata injini nzima utazipata mjini bila kungojea boti ya Dar. Inatumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi (unaofungua vali kwa wakati wake), na imetengenezwa kwa petroli ya kawaida. Tafuta yenye gia tano za klachi. Ikiwa ni ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia), iendeshe polepole kutoka kusimama: ikitetemeka kabla ya kuondoka, au ikitoa mlio wa kuvuma unaopanda na mwendo, iwache. CVT nyingi zinakufa kwa sababu mtu alimimina mafuta ya gia boksi ya otomatiki ya kawaida. CVT inataka mafuta yake yenyewe, na ya kawaida huufanya ule mkanda wa chuma uteleze na kujikwaruza.

Swift Sport ina usukani mzuri kuliko Vitz, na mimi siwezi kukataa hilo. Tatizo lake ni spea: injini yake ya M16A haipo kwenye kila gari, kwa hiyo vitu kama diski za klachi na shokapu mara nyingi utaviagizia. Pia imetengenezwa kwa petroli ya daraja la juu. Japani wana petroli za aina mbili, ya kawaida yenye okteni (kipimo cha petroli kuhimili kugonga) isiyopungua 89 na ya juu isiyopungua 96. Gari iliyopangiwa ya juu ikipewa ya chini, kompyuta huchelewesha cheche ili injini isigonge, na ile nguvu uliyoinunua inapungua. Ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo unapopanda kilima kwa gia kubwa, ujue kompyuta imeshindwa kuituliza, na pistoni ndizo zinazoumia.

Altezza inapendwa na vijana wa mjini, na kwa haki: inasukumwa na magurudumu ya nyuma na imejengwa vizuri. Lakini zipo mbili. AS200 ina injini ya silinda sita ya 1G-FE, ambayo Mark II pia inayo, na fundi yeyote anaijua. RS200 ina 3S-GE yenye nguvu farasi 210 kwa gia sita za klachi, na spea zake nyingi haziingiliani na 3S nyengine. Zote mbili zina mkanda wa taimingi. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Badilisha pamoja na roli za kuukaza na pampu ya maji, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Tazama na rejeta: tangi la plastiki la juu likishageuka rangi ya kahawia, plastiki imekauka na itapasuka.

Toyota RunX au Allex ya Z, yenye injini ya 2ZZ-GE na nguvu farasi 190, ni gari tamu inayodanganya wanunuzi. Nguvu yake inakuja baada ya mizunguko 6,200 kwa dakika, pale kemu (shafti inayofungua vali) inapobadilisha umbo na mlio wa injini ukabadilika ghafla. Ikiwa injini imeshapata moto na hausikii mabadiliko hayo, basi boliti za roka (mikono inayosukuma vali) zimekatika, au oili haifiki juu. Na uwe macho: RunX nyingi zina injini za kawaida, ila zimebandikwa herufi za Z. Fungua boneti usome namba ya injini. Subaru za tabo (turbo) mimi siziweki kwenye bajeti ya kawaida. Si gari mbaya, lakini zinataka oili bora bila kuchelewa, mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni, na hapa kisiwani hutapata mahala pa kuifikisha inapokusudiwa.

Kuhusu fedha: kwa kila shilingi milioni 10 ulizonazo, tafuta gari ya milioni 7 na nusu. Zilizobaki ni za tairi, shokapu, bushi, oili zote na bima. Mtu anayemaliza fedha zote siku ya kununua anabaki na gari ya spoti yenye tairi zilizokufa, na gari hiyo ni hatari.

Sasa kutu, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu zinapoishia. Upepo wa kaskazi na wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya kisiwa, na gari iliyolala miaka miwili Nungwi au Paje, mita mia kutoka pwani, inaweza kuwa imeoza kuliko gari ya miaka kumi ya Mwera. Rangi inayong'aa haikwambii kitu. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa chembamba, uipitishe kwenye kizingiti chini ya milango na juu ya matao ya magurudumu ya nyuma. Isiponata, hapo kuna puti, si bati. Kisha inyanyue gari na utazame pahala pa kuwekea jeki, mabomba ya breki yanayopita chini, vikombe vya kukalia springi, na ile fremu inayobeba injini na mikono ya chini. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima linalia, bati bovu linatoa sauti ya udongo. Kutu ya juujuu inasuguliwa. Kutu kwenye fremu au kwenye mabomba ya breki ni sababu ya kuondoka.

Inua zulia miguuni pa abiria. Reli za viti zikiwa na kutu, na soketi za nyaya zikiwa na ukungu wa kijani, gari hiyo iliingia maji, ya mvua au ya bahari. Wapo wanaoziteremsha ufukweni kupakia ngalawa.

Kwa gari iliyoletwa moja kwa moja kutoka Japani, dai karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 inakubalika, na R au RA maana yake iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pahala palipopigwa rangi au kunyooshwa, S na C ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita usiziamini kwa dashibodi pekee. Linganisha na raba za pedali, ubavu wa kiti cha dereva, na lebo ya tarehe iliyopo chini ya mkanda wa kiti: lebo ya mbele ikipishana miaka na ya nyuma, mkanda ulibadilishwa, na mara nyingi ni kwa sababu ya ajali.

Nenda kuitazama asubuhi, na gusa boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ina moto, muuzaji ameshaiwasha ili kuficha jambo. Rudi siku nyengine. Taa ya injini lazima iwake ukifungua swichi, kisha izimike injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa imezimwa makusudi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha ni maji yanayoingia ndani, mweusi ni petroli nyingi. Iwache inguruma kwa dakika ishirini na kiyoyozi kikiwa wazi, utazame mshale wa joto. Ukipanda, usinunue kwa ahadi ya kuwa “ni feni tu”.

Njiani, weka gia ya tatu kwa kilomita 40 na kanyaga mafuta mpaka chini: mizunguko ikipanda na mwendo ukibaki, klachi imekwisha. Rudisha kutoka tatu hadi mbili kwa haraka kidogo. Ikikwaruza, gia boksi imechoka, na hili ni la kawaida kwa gari za spoti zilizoendeshwa kwa nguvu. Kata usukani mpaka mwisho kila upande ukienda taratibu: mlio wa tak-tak ni draivshafti. Pita tuta kwa mshazari, gurudumu moja moja, usikie bushi na shokapu. Kwa Altezza, sikiliza difu (gia za ekseli) nyuma kwenye kilomita 60.

Gari iliyokatwa springi ipite mbali nawe. Springi iliyokatwa inaua shokapu, na kwenye matuta yetu chini ya bampa hapabaki. Rimu kubwa nazo si sifa: tairi ya 215/45R17 ina ukuta wa milimita 97, na ya 205/55R16 ina 113, wakati kipenyo cha hii ya pili kinazidi kwa asilimia moja hivi tu. Hizo milimita 16 ndizo zinazookoa rimu kwenye mashimo, mradi uhakikishe rimu ya 16 inapita kwenye kaliba za breki. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Linganisha namba ya chesi na ya injini na kadi, herufi kwa herufi, kabla ya kulipa hata arubuni.

Ukishanunua Vitz RS, mwaga kila kitu cha zamani. Injini inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, 5W-30 inafaa. Gia boksi ya klachi inachukua lita 1.9 hivi za 75W-90. Badilisha mafuta ya breki, kwa kuwa yanavuta unyevu, na unyevu hapa haupungui. Kwenye rejeta tia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa (distilled), usitie ya kisima: maji yetu yanatoka kwenye jiwe la chokaa na mengine yana chumvi, yanajenga magamba ndani na kula pampu. Chini ya gari osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki ukiishi pwani, ikauke, kisha kila baada ya masika upigishe nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti na kwenye matao. Oili chakavu ambayo baadhi ya mafundi wanaipaka usiikubali, maana inavimbisha raba za bushi na kunasa mchanga pale ambapo hukutaka mchanga ukae.