Ukingo wa Wingu si Mstari

Wiki hii nimeletewa tena picha ya wingu juu ya Ujiji, limezungushiwa mstari mwekundu. "Mwalimu, wingu linaishia hapa." Ni mara ya nne tangu mvua zianze. Kijana aliyeuchora ana akili na bidii, na programu yake inafanya kazi vizuri. Lakini mstari ule angani haupo, na kila hesabu aliyoijenga juu yake imerithi kosa hilo.

Spektromita yangu, kifaa kinachopima mwanga rangi kwa rangi, hutazama juu wima na kuandika spektra moja, yaani kiasi cha mwanga kwa kila rangi, kila sekunde. Anga safi lina buluu nyingi, kisha mwanga unashuka haraka kuelekea nyekundu, kwa sababu molekuli za hewa hutawanya mwanga wenye wimbi la urefu wa nanomita 400, upande wa buluu, mara 16 zaidi ya ule wa nanomita 800, kupita kidogo nyekundu. Spektra ya wingu karibu ni tambarare katika mwanga unaoonekana, kwani tone la mikroni 10 (nanomita 10,000) ni kubwa mno kuliko wimbi la mwanga. Hayo yanajulikana.

Kinachonikera ni jibu ninalopewa nikionyesha spektra za katikati, ambazo si za wingu wala za anga safi: "Hapo kifaa chako kimechanganya nusu wingu na nusu anga." Hoja hiyo ina nguvu, tena spektra hizo kweli huandikika vizuri kama mchanganyiko wa hizo mbili. Basi tupige hesabu. Kifaa kinaona upana wa nyuzi 1.4. Wingu likiwa mita 1,500 juu yangu, hiyo ni kama mita 37. Upepo wa mita 8 kwa sekunde unavusha mita hizo kwa sekunde 5 hivi. Wingu lingekuwa limekatwa kwa kisu, spektra ingegeuka ndani ya sekunde 5. Mimi naona sekunde 20, 25, mara nyingine 30. Sekunde zinazobaki haziwezi kuwa za kifaa.

Zinatoka kwenye hewa yenye unyevu unaokaribia asilimia 100, ambamo chembe za moshi na vumbi zimenyonya maji zikavimba, pamoja na matone yanayokauka na vipande vya wingu vinavyokufa. Mvua za kwanza zinapokuta moshi wa miombo iliyochomwa bado unaelea, kuuliza "hili ni wingu au ni ukungu wa moshi?" ni kuuliza swali lisilo na jibu moja.

Hata hivyo sina uhakika na yote ninayoyaona. Ubavu wa wingu unaopigwa na jua huimulika hewa ya jirani, na hewa hiyo hung'aa zaidi ingawa hakuna chembe iliyovimba. Mng'ao wa namna hiyo huegemea buluu, wa chembe zilizovimba huegemea weupe. Siku yenye yote mawili siwezi kuyatenganisha kwa uhakika.

Ukubwa wa matone naupata kwenye nanomita 1,640, ambako maji hunyonya mwanga na tone kubwa hunyonya zaidi. Je, hewa kavu ikiingia ukingoni, matone yote hupungua pamoja, au baadhi hutoweka kabisa na yaliyobaki hayabadiliki? Nimeona siku zinazofanana na jibu la kwanza na siku zinazofanana na la pili, na wanaonidai jibu moja nawaomba subira.

Halafu kuna Ziwa Tanganyika lenyewe. Majani mabichi hurudisha mwanga mwingi kwenye nanomita 870 na kidogo sana kwenye 670, na wingu huturudishia tofauti hiyo kutoka juu. Ndiyo inayotusaidia kukadiria unene wake. Ziwa ni jeusi kwenye mawimbi yote mawili. Wingu likiwa juu ya ufuko, nusu yake inamulikwa na milima ya kijani na nusu na maji, na kanuni iliyotungwa kwa nchi kavu inayumba. Mwezi ujao nitakihamishia kifaa Kibirizi, kando kabisa ya maji, nianze kupima asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaingia, kisha nilinganishe na vipimo vya mlimani.