Kughairi Amri Hakufuti Kilichokwisha Kuandikwa

Seva nyingi haziweki data zake ndani ya masanduku yao zenyewe. Huziandika kwenye mtambo wa diski ulio chumba kingine, kupitia mtandao wa kawaida, kwa itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta) iitwayo iSCSI. Seva huiona diski hiyo kama yake ya ndani, mpaka siku mambo yanapokwama.

Chukua seva ya Linux iliyotuma amri ya kuandika. Kwa mpangilio wa kawaida, sekunde 30 zikipita bila jibu, huomba amri hiyo ighairiwe. Ikishindikana huomba diski nzima ianzishwe upya, na hilo nalo likishindikana, mtambo. Msimamizi huona kwenye kumbukumbu za matukio ya seva (logi) kwamba kughairi kumefanikiwa, akaamini hakuna kilichoandikwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Sehemu ya data huenda imeshatua kwenye diski, pengine yote, na hakuna anayeirudisha nyuma. Jibu la mafanikio linaahidi jambo moja: amri ile haitaendelea tena. Kwa hiyo seva iandike upya eneo lile lile, isikisie kilichomo.

Ugumu zaidi ni data iliyo njiani wakati amri nyingi zinafutwa kwa pamoja. Waraka wa kwanza wa itifaki, RFC 3720 wa mwaka 2004 (RFC ni nyaraka za viwango vya mtandao), uliacha utata hapa, na RFC 5048 wa 2007 ukaufafanua. Kwa utaratibu wa kawaida, mtambo ukishaiomba seva data ya kuandika, hungoja seva hiyo imalize kuitikia ndipo ujibu kwamba kufuta kumekamilika. Kuna pia njia ya haraka, ambayo pande zote mbili hukubaliana wakati seva inapoingia kwenye mtambo: seva ikishaomba kufuta haipeleki tena data ya amri hizo, na mtambo haungoji. Mimi naipendelea hii. RFC 7143 wa 2014 umeyakusanya yote mahali pamoja.

Kuanzisha diski upya kunamgusa kila anayeitumia. Seva mbili zikishirikiana diski, ombi la moja hufuta hata amri za mwenzake, ambaye hupata habari kwa onyo linalorudi kwenye amri yake inayofuata. Ukikuta onyo hilo kwenye seva isiyoomba lolote, usianze kubadilisha kebo zake. Kagua kwanza kumbukumbu za seva jirani, saa ile ile.