Kamera ndogo imekufa: ununue ipi badala yake?

Mtu akifika kwenye meza yangu hapa Kariakoo na kamera ya mfukoni iliyokufa, jambo la kwanza analotaka ni jina: fundi, ninunue Canon au Sony? Mimi huanza na maswali mawili mengine. Ilikufaje? Na ilipokuwa nzima, ni picha gani ilikuwa ikikushinda? Majibu ya maswali hayo huchagua kamera vizuri kuliko tangazo lolote. Ukinunua tena ya aina ileile, ukaipeleka ufukwe uleule na ukumbi uleule, utapata picha zilezile na itakufa vilevile, na pesa itakuwa imeenda mara mbili.

Nianze na kufa. Hapa Dar muuaji mkubwa ni mchanga. Lenzi ya kamera ya mfukoni hutoka nje kwa hatua, pete ndani ya pete, ikisukumwa na mota ndogo sana na gia za plastiki. Punje ya mchanga wa Coco Beach ikinasa kati ya pete mbili, lenzi inakwama njiani, kioo kinaandika hitilafu ya lenzi, kamera inajizima. Wengi huiwasha tena na tena wakitumaini itaachia. Mota inaendelea kusukuma, meno ya gia yanakatika, na kazi iliyokuwa ya kusafisha inageuka kuwa ya kubadilisha lenzi nzima. Kwa kamera ya bei ya chini, lenzi nzima pamoja na ufundi hukaribia bei ya kamera nyingine ya mtumba. Hapo mimi humwambia mteja ukweli: usitengeneze.

Muuaji wa pili ni kuanguka lenzi ikiwa nje. Wa tatu ni unyevu wa pwani, unaokula polepole: kutu kwenye vituo vya betri, na ukungu unaotambaa kama nyuzi nyembamba ndani ya vioo vya lenzi, hasa kamera ikikaa miezi ndani ya mkoba wa ngozi kabatini.

Naomba sana usiifungue mwenyewe nyumbani. Kapasita ya flashi, yaani kile kifaa kinachoitunzia flashi umeme, huchajiwa hadi karibu volti 300, na inaweza kubaki na umeme huo hata baada ya betri kutolewa. Na usimpe mtoto kamera mbovu aichezee kwa bisibisi. Hatari hiyo ni ya kweli.

Kama yako iliuawa na mchanga au maji, na maisha yako bado ni ya ufukweni, boti za Mbudya, kivuko cha Kigamboni, soko la samaki la Feri, basi achana kabisa na lenzi inayotoka nje. Tafuta kamera ambazo lenzi yake inasogea ndani kwa ndani, nyuma ya kioo kilichotulia. Olympus Tough za TG zenye tarakimu moja ndizo ninazozipenda zaidi katika kundi hili, kuanzia TG-1 ya mwaka 2012, kwa sababu lenzi yake inaanzia f/2.0, yaani tundu lake la mwanga ni pana (namba hii nitaieleza mbele), jambo adimu kwa kamera zisizoingiza maji. Panasonic Lumix FT na Fujifilm FinePix XP nazo zinafaa. TG-4 ya mwaka 2015 ilitengenezwa kuhimili maji hadi kina cha mita 15, lakini hiyo ni habari ya siku ilipotoka kiwandani. Mipira inayoziba mlango wa betri huchakaa, na unywele mmoja tu ukilala juu yake maji yanapita. Kwa hiyo ya mtumba ichukulie kuwa kinga dhidi ya mchanga, mvua na mikono yenye maji ya samaki. Usizame nayo. Na ukitoka baharini isuuze kwa maji ya bomba kabla chumvi haijakauka, milango yote ikiwa imefungwa.

Sasa swali la pili, la picha iliyokushinda. Jibu ninalolisikia kuliko yote ni ukumbini: send-off, kitchen party, kipaimara, mahafali. Watu wanacheza, taa ni za rangi, picha zinatoka na ukungu wa mtikisiko au punje punje kama mchele. Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya kamera na kamera, na tofauti yenyewe imeandikwa mbele yako, kwenye duara la lenzi. Isome kabla ya kuuliza bei.

Chukua Canon IXUS 185. Mbele imeandikwa 5.0–40.0 mm na 1:3.2–6.9. Namba mbili za mwanzo, 40 ukigawanya kwa 5, zinasema lenzi inavuta vitu vya mbali (zumu) mara 8. Namba za mwisho zinaeleza upana wa tundu la mwanga, na kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo tundu lilivyo pana. Bila kuvuta, tundu ni 3.2. Ukivuta hadi mwisho ni 6.9, na mwanga unaoingia unashuka hadi karibu moja ya tano ya ule wa mwanzo. Kwenye jua la Dar hutahisi. Ukumbini saa tatu usiku kamera italazimika kuacha tundu wazi muda mrefu, na bibi harusi hatasimama kuisubiri.

Linganisha na Panasonic Lumix LX7 ya mwaka 2012, iliyoandikwa 1:1.4–2.3. Bila kuvuta, inapokea mwanga zaidi ya mara 5 ya ule wa IXUS. Haivuti mbali, haifiki hata mara 4, na ina megapikseli 10 tu, lakini kwa mtu wa kumbini naichagua bila kusita. Olympus XZ-1, yenye 1:1.8–2.5, iko kwenye nyumba hiyohiyo. Canon S95 ya mwaka 2010 inaanzia 2.0, inaingia mfuko wa shati, na ukikaa karibu na watu bila kuvuta inafanya kazi nzuri sana.

Jambo linalokwenda pamoja na lenzi ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kijipande cha elektroniki kinachopokea picha. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi cha inchi 1/2.3, chenye eneo la takriban milimita za mraba 28. S95 ina cha inchi 1/1.7, takriban 43. Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012, ina kihisi kinachoitwa cha inchi 1, takriban 116. Weka kikombe na beseni kwenye mvua ileile, utaelewa kwa nini picha ya RX100 usiku ni safi. Ilipotoka iliuzwa dola 650 Marekani. Leo ya mtumba ya toleo la kwanza ndiyo kamera ninayomshauri mtu mwenye bajeti inayoweza kunyooshwa kidogo. Mwenye laki mbili na nusu asikate tamaa, atafute zile za kihisi cha 1/1.7.

Kuna tatizo moja la ukumbini ambalo halihitaji kununua chochote. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Temeke alikuja akitaka kamera yenye zumu kubwa, kwa sababu, alisema, ile yake ilikuwa inapiga sura za watu nyeusi tii kwenye mahafali.

"Shikamoo, mwalimu. Ukuta wa ukumbi una rangi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Mweupe. Na mashati ya wanafunzi meupe."

Hapo ndipo penye kiini. Kamera hupima mwanga ikichukulia kwamba kila inachokiona kwa wastani ni kijivu cha kati. Ukiiwekea ukuta mweupe, shela, kanzu na mashati ya shule, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na sura zetu zenye rangi nzuri ya kahawia na nyeusi zinazama gizani. Tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, ipo kwenye kamera karibu zote, uipeleke kwenye +0.7 au +1. Ukuta utazidi kung'aa, na hilo halina shida, maana ulikuja kupiga picha ya watu. Mwalimu aliondoka kwa raha na betri mpya ya kamera yake ya zamani. Basi unapojaribu kamera dukani, hakikisha alama hiyo inafikika kwa kubonyeza mara moja au mbili. Kamera inayoificha ndani ya menyu nne sikushauri.

Megapikseli nitazipita haraka. Picha ya inchi 6 kwa 4 iliyochapwa vizuri inahitaji megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa wa A4 hauzidi 9. Kumi zinakutosha.

Zumu ndiyo sababu halali ya kununua kamera hata kama una simu nzuri: mpira uwanjani, mtoto jukwaani, ndege wa porini Pugu. Lakini iwe zumu ya lenzi. Zumu ya dijitali inakata tu katikati ya picha na kuikuza, kazi ambayo simu yako inaiweza bure. Flashi nayo ni sababu halali. Flashi ya zenoni iliyomo kwenye kamera huwaka kwa kitambo kifupi mno hivi kwamba mtu anayecheza anaganda hewani, ilhali taa ya simu inamulika tu. Ila mwisho wake ni mita 3 au 4. Ukikaa viti vya nyuma, izime.

Nina la kusema kwa uchungu kuhusu zile kamera mpya za majina yasiyojulikana zinazouzwa mtandaoni na barabarani, boksi limeandikwa 4K, megapikseli 48, zumu 16. Watu wanatoa pesa yao ya jasho. Ndani mna kihisi kidogo cha megapikseli chache, na namba hizo kubwa zinapatikana kwa programu kupanua picha. Njia ya kuzitambua ni ileile ya duara la lenzi: kama kuna namba moja tu ya milimita, bila kistari na namba ya pili, lenzi haivuti kitu. IXUS ya zamani iliyochubuka rangi itazipita kwa picha, tena kwa mbali.

Kwa nini nazungumzia mtumba muda wote? Kwa sababu viwanda vimeacha. Mwaka 2010 kampuni za Japani zilisafirisha kamera za aina hii zaidi ya milioni 100. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Simu zimelichukua soko, na mpya zilizobaki ni chache na nyingi ni ghali. Halafu vijana wamezipenda tena zile za zamani zenye kihisi cha CCD, aina ya zamani ya kihisi, kwa sababu ya rangi zake mitandaoni, na wauzaji wamepandisha bei. Rangi zake ni nzuri kweli mchana. Usilipe zaidi kwa ajili ya herufi hizo tatu kama kazi yako ni ya usiku.

Siku ya kununua, nenda mchana na betri iwe na chaji. Iwashe na kuizima mara kadhaa, vuta zumu mpaka mwisho na kuirudisha, sikiliza: mlio uwe laini, usio na mkwaruzo. Toka nje juani uone kama kioo kinasomeka. Vuta zumu hadi mwisho na upige picha ya anga. Madoa meusi yakikaa palepale kila picha ni vumbi kwenye kihisi, na kulitoa ni kuibomoa lenzi yote. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu kutafuta nyuzi za ukungu. Angalia vichwa vya skrubu: vilivyokwanguliwa vinasema ilifunguliwa, vyenye kutu vinasema iliingia maji. Kama ni Sony iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, fungua menyu kwanza, maana nyingi zina Kijapani pekee na haibadilishwi. Chaja ya huko isikutishe. Ukikuta imeandikwa 100–240 V, adapta ya plagi inatosha.

Betri ndiyo inayoamua kama kamera itaishi. Kabla ya kulipa, ulizia bei ya betri ya akiba ya aina hiyo. NB-11L ya IXUS nyingi na NP-BX1 ya RX100 zinapatikana. Umeme ukikatika mara kwa mara mtaani kwako, Canon PowerShot A za zamani zinazotumia betri za AA bado zina maana, lakini zitumie za kuchaji za NiMH au alkalini, kwa sababu zile za bei rahisi za kwa Mangi hazina nguvu ya kusukuma lenzi. Kama kamera ya zamani na mpya zinashirikiana betri, umeokoa chaja na akiba.

Kwenye kadi, kimbia kamera za zamani za Olympus na Fujifilm zinazotumia kadi za aina ya xD, kupata kadi hizo ni mateso. Zile za SD zilizotoka kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida hazisomi zaidi ya GB 2. Na kadi mpya uliyonunua, hata ikiwa kwenye pakiti inayong'aa, ijaze faili mpaka mwisho kwenye kompyuta kisha uzifungue zote, maana zipo zinazojitangaza GB 64 na ndani hazifiki hata 8, na zikijaa zinafuta za nyuma kimya kimya. Fanya jaribio hilo wiki moja kabla ya shughuli, risiti ikiwa bado mkononi na muuzaji bado anakukumbuka.